Droo Moja, Wenye Fedha Wengi: Somo Gumu la Biashara Ndogo

Mtu anayeanzisha biashara ndogo hapungukiwi na washauri. Ataambiwa avumilie, ajitume, amjali mteja, asiogope kuthubutu, na kila anayemwambia hayo atakuwa na mfano wa mtu fulani aliyeanza na kidogo akafika mbali. Ushauri huo hauna ubaya, ila haumwezeshi mwenye biashara kujibu swali litakalomkosesha usingizi baada ya miezi michache: je, biashara hii inajiendesha yenyewe, au inaishi kwa kunila mimi? Hoja ya makala haya ni kwamba masomo mengi ya biashara ndogo, tangu kupanga bei hadi kukopesha, tangu kuajiri hadi kufunga, yana shina moja, nalo ni kumtenga mwenye biashara na biashara yake, kwa fedha, kwa muda na kwa uamuzi. Likisemwa linaonekana jepesi, na labda ndiyo sababu wengi hulipata mtaji ukiwa umeshakata.

Tumchukue fundi cherehani mwenye karakana yake na wasaidizi wawili. Jioni anafungua droo, anahesabu noti, anaona siku haikuwa mbaya, anachomoa za matumizi ya nyumbani na kufunga. Hakuna aliyeibiwa. Lakini fedha za droo ile zilikuwa na wenyewe ambao hawakuwepo pale wakati wa kuhesabu. Fungu moja ni malipo ya awali ya mteja ambaye kitambaa chake hata hakijakatwa. Fungu jingine ni la muuzaji wa vitambaa aliyetoa mzigo kwa mali kauli na anayesubiri kulipwa mwisho wa mwezi. Limo fungu la kodi ya ongezeko la thamani, ikiwa fundi amesajiliwa, ambalo yeye ni mkusanyaji tu kwa niaba ya serikali. Lipo la ujira wa wasaidizi, ambao wameshaufanyia kazi ingawa siku ya malipo haijafika, na lipo la kodi ya pango. Kinachobaki baada ya hao wote ndicho faida, na huenda siku hiyo hakikubaki kitu. Noti hazina majina, kwa hiyo anayechota hawezi kujua amechota fungu la nani, na kwa kawaida hulijua siku mwenye fungu anapolidai.

Wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walilenga hapo hapo. Uzito wa methali hiyo uko kwenye maneno mawili ya mwisho. Mali hii haipotei kwa kishindo, kwa moto au kwa wizi. Inapotea huku droo haijawahi kulala tupu hata siku moja, kwa kuwa mauzo ya leo yanalipa deni la juzi, na malipo ya awali ya oda mpya yananunua vifaa vya oda iliyotangulia. Biashara ya namna hii inaweza kwenda mwaka mzima ikionekana hai. Inasimama siku oda mpya zinapopungua, na mwenye nayo atasema wateja wamekimbia, kumbe wateja walikuwa wakificha pengo lililokuwepo tangu mwanzo.

Dawa yake inajulikana kwa karne nyingi. Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko na mwanahisabati, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika hesabu zao kwa maingizo mawili, ambapo kila kinachotoka mahali fulani huandikwa pia kule kilikoingia. Hakuibuni mbinu hiyo. Aliiandika na kuieneza. Kwa mfanyabiashara mdogo wa leo, sehemu yake yenye faida kubwa kuliko zote ni ile inayohusu mtaji. Katika vitabu vya namna hiyo fedha alizoweka mwenye biashara huandikwa upande mmoja na madeni, maana yake biashara inadaiwa na mwenye nayo. Yeye na biashara ni watu wawili wanaodaiana. (Inafaa kukumbuka kwamba Pacioli huyo huyo alimshauri mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha kila alicho nacho, vyombo vya nyumbani vikiwemo, kwa hiyo hata katika chimbuko lake utengano huu haukuwa kamili.) Hakuna haja ya kila fundi kuwa mhasibu. Inatosha kuwe na akaunti mbili, mshahara wa mwenye biashara unaojulikana kiasi chake na siku yake, na sharti kwamba chochote kinachochotwa nje ya mshahara huo kiandikwe kama mkopo au mgawo wa faida, siku hiyo hiyo, kabla hakijasahaulika.

Sharti la mshahara ndilo linalopingwa zaidi. Utasikia: nitajilipaje mshahara wakati biashara bado changa? Jibu langu ni kwamba hata kama hakuna fedha ya kulipa, mshahara uandikwe kwamba unadaiwa. Usipoandikwa, biashara inapewa bure kitu ambacho ni ghali kuliko vyote ilivyo navyo, kisha inajisifu kwa faida. Mtu anayeshinda karakanani tangu alfajiri hadi usiku, katika chumba cha nyumba yake mwenyewe, akisaidiwa na mwenzi wake asiyelipwa, kwa mtaji wa akiba ambayo ingeweza kuwekwa mahali ikazaa, anaweza kufunga mwaka akiwa na ziada na bado akawa amepata hasara. Aondoe ujira ambao angelipwa kwa kazi hiyo hiyo kwa mtu mwingine, aondoe pango la chumba kile, aondoe ujira wa mwenzi wake, aondoe mapato ambayo akiba ile ingeleta, kisha atazame kilichosalia. Mara nyingi atakuta kwamba alichokiita faida ni mshahara wake mwenyewe uliopunjwa.

Wachumi waliliona jambo hili mapema. Richard Cantillon, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1755, miaka kadhaa baada ya kufariki, alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei inayojulikana ili auze kwa bei isiyojulikana. Mwaka 1921 Mmarekani Frank Knight akatofautisha hatari inayoweza kukadiriwa, kama ile ambayo kampuni ya bima huikatia gharama, na mashaka yasiyokadirika, akasema kwamba faida halisi inatokana na kubeba hayo ya pili. Ukizichukua hoja hizo hadi kwenye meza ya fundi wetu, utaona kwamba anastahili malipo ya namna tatu zisizofanana: ujira kwa kazi ya mikono yake, pato kwa mtaji wake, na faida kwa kubeba mashaka ambayo wengine wameyakwepa. Asipozitenganisha, hawezi kujua ni ipi inayomfikia. Na mtu anayebeba mashaka yote ya biashara huku akipata chini ya ujira wa msaidizi wake anapaswa walau kujua kwamba ndivyo alivyo, hata kama ameamua kuendelea kwa sababu zake, kama vile uhuru wa kutokuwa na bosi, ambazo si za kubeza.

Kosa hili la kutojihesabu ndilo linaloharibu bei. Mwenye biashara ndogo hupanga bei kwa kutazama jirani na kupunguza kidogo, akiamini kwamba anaweza kuuza rahisi kwa kuwa gharama zake ni ndogo. Gharama zake hazijawa ndogo, hazijaandikwa tu. Na hata wanaoandika hunaswa na hesabu ya asilimia. Tuseme bidhaa inamgharimu 80. Anataka faida ya asilimia 20, anaongeza asilimia 20 juu ya 80 na kuuza kwa 96. Lakini 16 aliyopata katika kila 96 ni chini kidogo ya asilimia 17 ya mauzo; ili asilimia 20 ya mauzo ibaki mkononi, ilibidi auze kwa 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi punguzo linapoombwa. Anayeuza kwa 100 akikubali kupunguza asilimia 10 anabaki na 10 badala ya 20, maana yake lazima auze bidhaa mara mbili ili apate kile alichokuwa akipata. Mteja anayeomba kupunguziwa kidogo haombi asilimia 10 ya faida. Anaomba nusu yake. Sisemi punguzo lisitolewe kamwe. Mzigo uliokaa sana stoo, au oda kubwa inayolipwa taslimu papo hapo, inaweza kustahili, ila anayelitoa awe ameifanya hesabu hiyo kabla ya kutabasamu.

Jambo linalofuata ndilo linaloua biashara nzuri, na kwa hiyo linahitaji nafasi zaidi. Faida na fedha mkononi ni vitu viwili, na kinachovitenga ni muda. Turudi kwenye 80 na 100. Tuseme mfanyabiashara anauza bidhaa za 100 kila mwezi, amezinunua kwa 80 na kulipa siku ya kuzipokea, zinakaa stoo kwa siku 45, kisha mteja anazichukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 60. Tangu fedha itoke hadi irudi ni siku 105, yaani miezi mitatu na nusu. Katika muda wote huo lazima awe na 280, yaani 80 mara tatu na nusu, zilizofungwa katika mzigo na katika madeni ya wateja. Ni fedha zake, zimo kwenye hesabu, lakini hawezi kuzilipia umeme.

Sasa mambo yanamnyookea, mauzo yanapanda mara mbili. Ndugu na marafiki wanampongeza. Fedha zinazopaswa kufungwa sasa ni 560, kwa hiyo anahitaji nyingine 280, na anazihitaji mwanzoni, kabla ya mteja hata mmoja kati ya wale wapya kulipa. Faida yake ghafi baada ya kupanuka ni 40 kwa mwezi. Hata asipotumia chochote kwa pango, mishahara na usafiri, itamchukua miezi saba kukusanya 280 hizo kutoka kwenye faida. Pengo hilo ataliziba kwa mkopo, kwa kumchelewesha muuzaji wa jumla, au kwa kuchota kwenye fungu la kodi akinuia kulirudisha. Hivi ndivyo biashara inavyofilisika katika mwaka wake wa mauzo makubwa kuliko yote, na mwenye nayo akabaki akisema hawezi kuelewa, kwa sababu kila bidhaa aliyouza aliiuza kwa faida.

Kumbe basi njia ya kupata mtaji si lazima ianzie benki. Siku zilizofungwa zinaweza kufupishwa. Akipunguza siku za stoo kutoka 45 hadi 30, na za mteja kutoka 60 hadi 30, mzunguko wake unakuwa wa siku 60, na kwa kiwango kile kile cha mauzo yaliyopanda mtaji unaohitajika unashuka kutoka 560 hadi 320. Fedha 240 zimepatikana bila riba na bila dhamana, kwa kutuma ankara siku ileile kazi inapokabidhiwa, kwa kudai malipo ya awali, kwa kutojaza stoo vitu vinavyopendeza machoni lakini visivyotoka, na kwa kumpigia simu mteja kabla ya siku ya kulipa badala ya wiki mbili baada yake. Kazi hizi hazina sifa yoyote, hakuna anayezisimulia jukwaani, lakini ndizo zinazotenganisha anayelala na asiyelala.

Haki inataka isemwe kwamba si kila kuchelewa kunatokana na uzembe wa mwenye biashara. Mteja mkubwa hujua kwamba mdogo hatathubutu kumshitaki, na hutumia fedha zake kama mkopo usio na riba. Tatizo limekuwa zito kiasi cha kuingiliwa kisheria: agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 liliweka kwa kawaida siku 30 kwa taasisi za umma kuwalipa wazabuni wao, na siku 60 kati ya biashara na biashara isipokuwa pande zote zikubaliane waziwazi vinginevyo na bila uonevu wa dhahiri, pamoja na haki ya kudai riba kwa kuchelewa. Hata hivyo haki ya kudai ni kitu kimoja na ujasiri wa kuidai ni kingine, hasa pale mteja huyo mmoja anapokuwa amebeba sehemu kubwa ya mauzo. Mwenye biashara aliyefikia hapo amekuwa mwajiriwa wa mteja wake bila likizo, bila malipo ya ugonjwa na bila taarifa ya kuachishwa. Kwa maoni yangu, mteja yeyote ambaye kuondoka kwake kungefunga milango ndani ya miezi mitatu ahesabiwe miongoni mwa hatari za biashara, hata kama analipa vizuri na ni mtu mwema.

Sheria nayo imejaribu kumtenga mtu na biashara yake. Mwaka 1892 Aron Salomon, mtengenezaji wa mabuti ya ngozi jijini London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akabaki na hisa 20,001 kati ya 20,007, nyingine sita zikiwa za mke wake na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika, mfilisi alidai kwamba kampuni na Salomon walikuwa kitu kimoja na kwamba madeni yote yamrudie yeye. Kesi hiyo, ambayo wanasheria huitaja kwa mwaka 1897, iliishia kwa baraza la juu kabisa la rufaa la Uingereza kuamua kwamba kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama nyuma yake yumo mtu mmoja. Kanuni hiyo imesambaa duniani, na watu wengi husajili kampuni wakiamini kwamba nyumba zao zimeshapona. Kisha wanakwenda kukopa, na benki inawawekea mezani fomu ya dhamana binafsi, yaani ahadi ya mwenye kampuni kwamba kampuni ikishindwa atalipa deni yeye mwenyewe. Sahihi moja inarudisha kile ambacho usajili uliondoa. Benki hazina kosa katika hilo, zinajilinda, ila anayesaini asijidanganye kwamba kampuni ndiyo iliyokopa.

Kutenganisha fedha ni rahisi ukilinganisha na kutenganisha muda na uamuzi. Biashara nyingi ndogo zimo kichwani mwa mtu mmoja: bei za wasambazaji, tabia za wateja, nani anakopesheka na nani ni mzungushaji. Msaidizi hawezi kujibu swali bila kupiga simu, na mwenye biashara hulalamika kwamba wafanyakazi hawajiongezi, ingawa hajawahi kuandika popote ni punguzo gani wanaruhusiwa kutoa au mteja gani apewe mali kwa mkopo. Kuajiri hapo hakumpunguzii kazi, kunamwongezea mtu wa kumsimamia. Kipimo kizuri ni kuondoka kwa wiki mbili. Maswali yatakayokwama wakati huo ndiyo orodha ya mambo yanayopaswa kuandikwa. Kuhusu ubia sina mengi ya kuongeza, isipokuwa kwamba mkataba uandikwe wakati wabia bado wanapendana, na uanze na kipengele cha namna ya kuachana.

Na suala la kuachana halikwepeki. Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kiasi cha moja ya tano ya biashara mpya hufungwa kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Takwimu hizi hutumiwa kutishia watu, na hapo zinatumiwa vibaya, kwa sababu kufunga si lazima kuwe kushindwa. Wapo wanaouza, wanaostaafu na wanaopata kazi inayolipa zaidi. Tatizo ni wale wanaochelewa kufunga. Mtu ambaye hajajitenga na biashara yake huona kuifunga kuwa ni kujifunga mwenyewe, hivyo huuza kiwanja, hukopa kwa ndugu, humaliza akiba ya watoto, akinunua miezi ambayo haitabadilisha kitu. Aliyejitenga anaweza kukaa chini wakati mambo bado mazuri na kuandika mpaka wake: kiasi cha juu atakachoongeza kutoka mfukoni, na miezi ambayo biashara itavumiliwa kushindwa kulipa mshahara wake. Akifika kwenye mpaka huo bado ana nafasi ya kuuza mashine kwa bei ya maelewano, kuwalipa wasaidizi stahili zao, kumaliza deni la muuzaji wa vitambaa, na kuwarudishia malipo ya awali wateja ambao nguo zao hazijakatwa. Akisubiri wadai waje na dalali wa mahakama, mashine zile zile zitakwenda kwa mnada, na kati ya wote wenye mafungu katika droo ile, yeye ndiye atakayelipwa wa mwisho.